Kinanda Kibogoyo

Mtaani walimwita Cherehani, naye hakulikataa jina hilo kwa sababu lilikuwa la haki. Alikulia chini ya meza ya mama yake, fundi wa nguo, akichezea vipande vya vitambaa huku juu ya kichwa chake mashine ikikimbia tangu asubuhi hadi jioni. Alipokuja kuwa DJ, na baadaye prodyuza wa muziki wa kompyuta, zile ngoma ndogo za juu zinazokwenda ti-ti-ti-ti bila kuchoka alizitoa hapohapo chini ya meza. Waandishi wa habari walipomuuliza muziki wake umetoka wapi, jibu lake lilikuwa moja miaka yote.

"Ngoma nimeazima kwa mama. Pengo ni langu."

Pengo lenyewe lilikuwa hivi. Karibu katika kila wimbo wake, besi ikishachemka na watu wameshavua makoti, kila kitu kilinyamaza. Ngoma kimya, besi kimya, kwa muda mfupi kama wa mtu aliyeinua mguu na hajaamua pa kuutua. Kisha besi ilirudi kwa kishindo na ukumbi mzima ukaenda nayo. Wenzake walijaribu kumwiga wakashindwa. Wengine walikata muziki mapema mno, wengine walichelewa hadi watu wakadhani umeme umekatika. Yeye hakukosea. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya mashine, kuanzia harusi za mtaani hadi kumbi za nchi ambazo hata kuomba maji alihitaji mkalimani. Akisema pengo ni lake hakuwa akijisifu. Alikuwa ameshalitafutia asili asiione, akaamua kwamba amezaliwa nalo, kama mtu anavyozaliwa na vishimo vya mashavuni.

Basi, wiki tano kabla ya albamu yake ya tatu kutoka, ikaja barua.

Meneja wake ndiye aliyempigia simu. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyekuwa naye kwa miaka tisa na mwenye tabia ya kutafuna vifuniko vya kalamu akiwa na wasiwasi. Cherehani alipoingia ofisini, ghorofa ya tatu, alikuta vifuniko viwili mezani vimeshasagika.

"Kaa," meneja alisema. "Unamjua Profesa?"

Alimjua kwa kumsikia. Profesa alikuwa prodyuza kijana kidogo, hodari, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake mizito. Barua ilitoka kwa mwanasheria wake. Ilisema wimbo wa nne wa albamu ya Cherehani, "Kona ya Tatu", ambao redio ilikuwa imeuonjesha watu wiki iliyopita, umechukua moyo wa wimbo wake alioutoa miaka miwili nyuma. Ngoma hazikufanana, wala mwendo, na barua ilikiri hivyo. Kilichofanana ni besi: inapanda kutoka so kwenda la, inarudi so, halafu kimya, halafu inatua kwenye mi. Nota zilezile, na kimya kilekile, mahali palepale.

"Anasema nimemwibia kimya," Cherehani alisema.

"Ndivyo anavyosema. Na nimewasikiliza wote wawili, mmoja sikio hili, mwingine sikio hili. Mmefanana, mdogo wangu. Sitakudanganya."

"Sijawahi kuusikiliza wimbo wake hadi mwisho."

"Nakuamini. Lakini nina njia fupi. Lizibe hilo pengo. Tia ngoma moja pale katikati, mambo yaishe. Nani atagundua?"

"Miguu ya watu itagundua kabla yako," Cherehani alijibu, wala hakupandisha sauti. "Mwite huyo Profesa. Aje yeye na kompyuta yake. Mwanasheria abaki kwao apumzike."

Walikutana Jumanne, saa nne asubuhi, palepale ofisini. Profesa aliingia akiinamisha kichwa mlangoni kwa ule urefu wake, shati limefungwa vifungo hadi kooni, kompyuta kwapani. Cherehani alikuwa amejiandaa kwa vita, lakini kijana alianza na, "Shikamoo, dada," na ilibidi aitikie marahaba, na baada ya marahaba vita huwa vigumu kidogo kuvianza.

Hata hivyo Cherehani alikuja na silaha. Alifungua boksi la viatu lililojaa CD, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, akachagua moja na kuiweka kwenye mashine ya meneja. Ilikuwa rekodi ya harusi, miaka kumi na sita iliyopita. Ikasikika kelele ya watu, vigelegele, besi mbovu ya spika za kukodi. Kisha so, la, so, kimya. Kisha mi, na ukumbi ukalipuka.

Meneja akamgeukia Profesa kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Profesa hakutikisika. Alifungua kompyuta yake, akatafuta taratibu, akabonyeza. Ulikuwa wimbo wa kitoto kabisa, ngoma za bati, alioutengeneza kwenye kompyuta ya rafiki yake alipokuwa na miaka kumi na saba. So, la, so, kimya, mi.

"Mwaka gani?" Cherehani aliuliza.

Profesa aliwageuzia kioo waione tarehe. Ulikuwa mwaka uleule wa harusi. Rekodi hizo mbili zilipishana kwa miezi minne, na katika miezi hiyo Cherehani alikuwa akipiga muziki kwenye kumbi za mjini huku kijana akiishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, mahali ambapo jina la Cherehani halikuwa limefika.

Meneja alitia kifuniko cha tatu kinywani.

"Dada," Profesa alisema, "mimi sikukuibia, na naona sasa kwamba wewe pia hukuniibia. Lakini huu wimbo wangu hauko kama wako. Mimi kimya changu kinakaa. Ngoja nikuimbie uone kinavyokaa."

Akasimama, akaimba kwa sauti nzito, bila haya. Cherehani naye akasimama amwonyeshe tofauti, akaimba juu yake. So, la, so. Wakanyamaza pamoja. Mi.

Meneja aliacha kutafuna.

"Mbona mmeshika matumbo?"

Walijitazama. Kila mmoja alikuwa ameweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya kitovu, vidole vimekunjuliwa, kama mtu anayepima kama ameshiba. Hakuna aliyekumbuka kuuweka mkono pale.

"Nani alikufundisha kushika tumbo?" Cherehani aliuliza.

"Hakuna aliyenifundi..." Profesa alianza, akaishia hapo.

Kitu kilikuwa kinapanda kichwani mwa Cherehani kutoka mbali sana, pamoja na harufu ya madawati yaliyovunjika na vumbi la chaki. Alisema polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofutika, "Mabega chini."

Profesa alivua miwani. "Tumbo mbele," aliitikia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne.

"Pua kazini," wakamalizia pamoja.

"Mwalimu Pumzi," Cherehani alisema, akakaa chini.

Hilo ndilo jina watoto walilompa. Alikuwa mwalimu mwembamba, mfupi, aliyefundisha kuimba katika shule ya msingi ya Cherehani, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Alikuwa na kinanda chake mwenyewe cha kukanyaga kwa miguu, kile chenye mifuko ya upepo ndani, na kabla ya wimbo wowote aliwasimamisha watoto sitini na kuwafanyisha zoezi la kupumua kwa kijiwimbo kifupi kisicho na maneno. Walikiimba kila asubuhi, dakika tano, kama wanavyonawa uso, na kama kunawa uso hakuna aliyekiweka akilini. Cherehani alipofika darasa la sita mwalimu alihamishwa. Aliondoka akiwa amekaa mbele ya lori, kinanda kimefungwa kamba nyuma kama ng'ombe. Miaka kadhaa baadaye, baada ya kuhamishwa tena na tena, mwalimu yuleyule na kinanda kilekile waliteremka mbele ya shule ya Profesa.

Siku hiyo Cherehani hakwenda studio. Alipita kwa mama yake, ambaye bado alikuwa na chumba chake cha kushonea, ingawa sasa alishona kwa kuchagua wateja na kuwakataa wenye haraka.

"Mama, unakumbuka kijiwimbo cha shule, cha kupumulia?"

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kujibu. "Kile? Ulikiimba hadi chooni. Kilikuwa kinanitesa. Ulikuwa unafika katikati unasimama kama umesahau, na mimi huku juu mguu wangu nao unasimama, nangoja. Nimeharibu mishono mingi kwa ajili yako."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulikuwa unaniuliza habari za cherehani tu, na mimi nikafurahi, nikajua mtoto ananisifia kazi."

Cherehani alicheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu kidogo. Miaka ishirini alikuwa amewaambia watu jambo moja kwa kifua mbele, na kumbe jambo lenyewe lilikuwa la mwanamke mmoja mwembamba kwenye stoo. Alimsaidia mama kukunja vitambaa, akanywa chai, akaondoka akiwa ameshaamua: atamtafuta mwalimu, amwambie asante, na amuulize lile pengo alilitungaje. Mtu aliyejua kunyamaza namna ile alistahili kuulizwa.

Profesa alimtangulia. Kesho yake alipiga simu, na mazungumzo yao yalikuwa tayari yamebadilika, ya watu wenye ndugu mmoja.

"Nimempata. Dada yangu ni nesi, anamjua. Amestaafu, anaishi hapahapa mjini na mtoto wa kaka yake. Lakini Alhamisi asubuhi yuko hospitali."

"Anaumwa?"

"Anafundisha. Kuna kliniki ya watu wa kifua, wale wa mapafu. Anawafundisha kupumua kwa kuimba."

Walikwenda pamoja kwa gari la Cherehani, pikapu ya zamani iliyobeba spika nyingi kuliko abiria. Njiani walizungumza kazi. Profesa alisema besi yake ilitokana na injini ya mashine ya kusaga iliyokuwa jirani na kwao, iliyowashwa saa moja kila siku. Cherehani akasema alidhani hivyo, maana ilikuwa na kikohozi mwanzoni. Kijana akafurahi sana. Hakuna mtu aliyewahi kukisikia kile kikohozi.

"Nilikiacha makusudi," alisema.

"Usikitoe kamwe."

Chumba cha mazoezi kilikuwa mwisho wa korido ndefu, kuta za kijani hadi kiunoni na nyeupe kuanzia hapo. Viti vya plastiki vilipangwa nusu duara, na juu yake walikaa watu kumi na mmoja, wengi wazee, mmoja ana mtungi wa oksijeni ubavuni kama mbwa mtiifu. Mtaalamu wa mazoezi, kijana wa viatu vyeupe, alisimama pembeni na daftari. Na mbele, mgongo wake ukielekea mlangoni, alikaa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, kitambaa kichwani, raba miguuni, akikanyaga kinanda.

"Mabega chini," alisema. Sauti haikuwa imezeeka hata kidogo.

Wagonjwa wakaanza. Cherehani na Profesa walisimama mlangoni, na bila kutazamana kila mmoja akapeleka mkono tumboni. So, la, so, na miili yao ikajiandaa kwa ule ukimya kama mtu anavyojiandaa kushuka ngazi anayoijua gizani.

Ukimya haukuja. Mahali pake palikuwa na nota nene, nzima, iliyotoka ndani ya kinanda bila aibu yoyote, na wagonjwa wakapita juu yake wakatua kwenye mi. Cherehani alibaki na kisigino hewani.

"Hapana," Profesa alisema kwa sauti.

Mwalimu hakugeuka. "Nani anasema hapana darasani kwangu?"

Walingoja hadi kipindi kimalizike. Kisha walimwamkia, wakajieleza. Mwalimu Pumzi alimtazama Profesa na kumkumbuka kwa urefu, akasema alikuwa mrefu tangu zamani na asiye na adabu kiasi. Alimtazama Cherehani muda mrefu zaidi.

"Mstari wa pili," alisema hatimaye. "Ulikuwa unapumua kama mtu anayekunywa chai ya moto."

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Mmekuja kufanya nini? Mnaumwa kifua?"

Wakamweleza habari ya barua na ya lile pengo. Mwalimu aliuliza, "Pengo gani?" kwa mshangao wa kweli, na ikabidi wamwimbie, wamesimama bega kwa bega kama watoto wa darasa moja. So, la, so, kimya, mi.

Mwalimu alianza kucheka kwa ndani, mabega yakitikisika, halafu kicheko kikamzidi nguvu hadi akashika ukingo wa kinanda. Yule mtaalamu wa mazoezi akasogea kwa wasiwasi.

"Hapo ni pa fa, na fa alikuwa amekufa," mwalimu alisema alipopata pumzi. "Kinanda changu kilikuwa kibogoyo. Lile jino la fa ulikuwa ukilibonyeza halisemi kitu. Miaka yote hiyo. Fa alikufa kabla hujafika darasa la kwanza, mwanangu."

"Lakini sasa linalia," Profesa alisema, kana kwamba analalamika.

"Huyu hapa amelitengeneza mwaka jana." Alimwonyesha mtaalamu kwa kidevu. "Alikifungua chote. Akakuta kipande cha chaki kimebana kile kijiulimi cha shaba kinachotoa sauti. Chaki tu. Ilikuwa imedondokea humo zamani, nani ajuaye ni mtoto gani."

"Nikaitupa," mtaalamu alisema, kama anayeomba radhi.

Cherehani alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amekuja kumuuliza mtu jinsi alivyotunga, na kumbe hakuna aliyetunga. Kazi yake ya miaka ishirini ilikuwa imesimama juu ya kipande cha chaki. Alijitazama ndani kuona kama ataumia, akaona haumii sana. Alichokuwa nacho zaidi ni hamu ya kujua.

"Mwalimu, kwa nini hukutuambia tuiimbe hata kama hailii?"

"Niliwaambia. Wewe hukumbuki. Wiki ya kwanza nilisema, imbeni fa kwa mdomo, achaneni na kinanda. Watoto sitini mkanyamaza kwa pamoja, safi, kama mmekatwa kwa mkasi mmoja. Watoto hufuata wanachosikia." Mwalimu alijifuta macho. "Halafu nikasikia kitu. Mlikuwa mnavuta pumzi palepale kwenye kimya, chini tumboni, wote. Nilikuwa nimewabembeleza wa madarasa mawili yaliyowatangulia wapumue hivyo wakanishinda. Nikasema moyoni, nikilitengeneza hili jino nitapoteza pumzi. Nikaacha kutafuta fundi. Mgonjwa ni tofauti, yeye nataka pumzi imtoke ndefu, kwa hiyo hapa fa ananifaa."

Kisha akataka kusikia walichokifanya. Cherehani alimvalisha hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, akazibana vizuri, akampigia kwanza wimbo wa Profesa. Mwalimu alisikiliza macho yamefumbwa, mguu wenye raba ukikanyaga taratibu kitu kisichokuwepo.

"Huyu anatulia," alisema. "Anamwacha mtu amalize. Vizuri."

Kisha akasikiliza "Kona ya Tatu". Pengo lilipofika uso ulikunjamana. Akarudia mara mbili.

"Wewe unawahi. Pumzi inaingia, haijafika chini, umeshamrudisha mtu kazini. Mgonjwa wangu hapo angekohoa. Ongeza nusu ya hiyo."

Mtu mwingine angeitikia ndiyo Mwalimu na kunyamaza. Cherehani alivuta kiti karibu.

"Wangu hawaumwi, Mwalimu. Wamesimama, wana joto, wamekuja kucheza. Nikiwaacha wamalize pumzi wanakumbuka viti vyao. Wanakumbuka simu. Nawarudisha wakiwa bado wameshikilia hewa, ndiyo maana wanarudi kwa nguvu. Nililipima hilo harusi baada ya harusi. Nilikuwa naangalia mabega yao. Nilianza na refu kama la huyu, nikawa nalipunguza kidogo kidogo, miaka minne, hadi nikapata mahali pake."

Mwalimu Pumzi alimtazama bila kupepesa, kama alivyokuwa akiwatazama watoto waliothubutu kujibu.

"Hilo sikukufundisha," alisema.

"Hapana."

"Wala chaki haikukufundisha."

"Hapana, Mwalimu."

"Haya." Akazivua hedifoni, akamrudishia. "Kwa wagonjwa wangu umekosea. Kwa watu wako siwezi kusema, sijawaona. Sasa tokeni, au kaeni. Kundi la pili linaingia."

Wakakaa. Kundi la pili lilikuwa na watu wanane, na viti viwili vikabaki kwa ajili yao. Mwalimu alikanyaga kinanda na wote wakaimba. So, la, so, na kwenye fa wagonjwa wanane wakaendelea huku watengenezaji muziki wawili wakinyamaza ghafla, vinywa wazi. Mama mmoja aliyekaa karibu na Cherehani alimgonga goti, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapo usisimame, unaendelea tu." Wakarudia. Wakanyamaza tena, na safari hii chumba kizima kilicheka, mwenye kukohoa akakohoa. Profesa aliinamisha kichwa kwa aibu. Mara ya tatu Cherehani alikaza macho kwenye vidole vya mwalimu, akaisukuma ile fa itoke, ikatoka imekwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, lakini ikatoka. Alihisi pumzi ikimshuka yote hadi chini, ndefu, mpaka macho yakamlengalenga. Ilimchukua muda kuamini kwamba wimbo ule ulikuwa na upande mwingine miaka yote hiyo.

Ijumaa Profesa aliandika barua mwenyewe, bila mwanasheria, akafuta madai yake kwa mistari minne. Meneja aliisoma mara mbili na kuiweka kwenye faili, kisha akauliza, kwa kuwa alikuwa meneja, kama haingekuwa vizuri hao wawili wakatengeneza wimbo mmoja pamoja.

Waliutengeneza kwa michana minne. Walibeba maikrofoni hadi chumba cha mazoezi, wakarekodi kinanda, wakarekodi na pumzi za wagonjwa kumi na tisa, kwa ruhusa ya kila mmoja, na yule mwenye mtungi akasisitiza mtungi wake urekodiwe pia kwa sababu unapuliza kwa mdundo. Walibishana juu ya urefu wa pengo hadi koo zikawakauka. Mwishowe mara ya kwanza likakaa kwa urefu wa Profesa, mara ya pili kwa urefu wa Cherehani, na mara ya tatu hawakuacha pengo kabisa. Fa ikalia pale, ya kinanda halisi, na besi ya mashine ya kusaga ikaingia chini yake ikikohoa. Cherehani alipousikia wimbo kwenye spika kubwa za studio alijua wamepata kitu. Aliuzima, akaenda kula, akarudi, akausikia tena, bado ulikuwa vilevile.

Albamu ilitoka siku iliyopangwa, na "Kona ya Tatu" ilikuwa kama ilivyokuwa, haikuongezwa nusu wala robo. Mwalimu aliletewa nakala. Alisikiliza nyumbani, akapiga simu, hakuanza hata na salamu.

"Bado unawahi," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nawahi."

"Mtoto wa kaka yangu ameicheza hapa sebuleni hadi akavunja kikombe. Nimemwangalia mabega. Alhamisi njoo mapema. Mtaalamu anataka kuwatia wale wa kundi la kwanza mazoezi ya miguu, na kinanda peke yake hakitoshi. Leta spika. Moja tu, usije na gari zima."

Cherehani alikwenda na spika mbili.